Krisma Kwenye Upara

Mimi ni katekista, na kila Jumamosi nafundisha watoto amri ya Usiibe, kwa hiyo nisomeni kwa huruma.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kufika kwetu Mpepai, wachuuzi nao walileta mafuta ya kuotesha nywele. Nilipaka, upara wangu ukaota vipele tu. Ndipo nikakumbuka picha za makuhani wa kale. Walimiminiwa mafuta matakatifu kichwani, na ndevu zao zilifika kifuani. Nilitaka ushahidi gani tena?

Sakristiani, chumba cha kuhifadhia vyombo vya ibada, kulikuwa na kichupa cha krisma, mafuta yanayonukia ambayo askofu huwapaka watoto wa kipaimara. Wiki mbili nilijipaka kila asubuhi, kidogo tu.

Siku ya kipaimara nilisimama kando ya askofu nimeshika kichupa, nikiomba kimoyomoyo mafuta yatoshe. Kwa mtoto wa tisa, dole gumba la askofu likatoka kavu. Akatazama kichupa. Akanusa hewa. Kisha akanitazama kichwani, palipokuwa panang'aa kwa jua la dirishani.

“Katekista, inama,” akasema taratibu.

Nikainama. Akasugua dole gumba lake kwenye upara wangu mara mbili, akamgeukia mtoto wa tisa, akampaka.