Damu Yangu Juu ya Mbuzi za Mahari

Hata leo nikisikia mbuzi analia, ninainamisha kichwa. Hii haya yangu Bulengera nzima inaijua, donc afadhali muisikie kwa kinywa changu kuliko kule sokoni kwenye bameitia chumvi.

Damu iliganda ndani ya muguu wangu, munganga akanipa dawa ya kuifanya nyepesi, akanionya: "Papa, na hii dawa, hapana kumeza aspirine. Ukijikata, damu itakawia kusimama." Nikaitika vizuri kabisa, mais siku bakwe banaleta mahari ya binti yangu Kahindo, muguu ukaamka unauma, nami sikutaka batu batoke Mangina yote ile bakute baba ya bibi arusi anachechemea (kiburi, ninakijua, tulizaliwa pamoja), nikameza aspirine mbili za jirani. Nikatembea vizuri, hata nikasifiwa.

Sasa kwetu baba hapokei mbuzi hivihivi, lazima ainame, amushike, amutafutie kasoro, bakwe bajitetee, batu bacheke. Nikamushika wa kwanza nikauliza, "Huyu mulimutoa wapi, hospitali?" Batu bakacheka, mbuzi akainua kichwa, pembe ikanigonga pua, bakacheka zaidi, hata mimi nikacheka.

Mais damu haikusimama. Nilibana pua, ikapitia kinywani, kitambaa kikajaa, shati yangu nyeupe ikajaa, ikamwagikia mbuzi, na fizi nazo zikaanza kutoa damu zenyewe. Kicheko kikakatika. Mama ya Paluku, yule bwana arusi, alizika mume wake wakati wa Ebola bila kumugusa. Akasimama polepole, akasema, "Ilianzaka hivihivi." Hakusema kwa ubaya, masikini. Mutu aliyeumwa na nyoka akiona kamba anaruka.

Nikapiga kelele, "Ni dawa! Ni dawa ya muguu!" Mais maneno yalitoka pamoja na damu, na ile dawa nilikuwa nimeificha kwa kila mutu, nani angeniamini? Viti vikaanguka, batu mbio, nikabaki na mbuzi. Halafu Kahindo, na nguo yake mupya ya sherehe, akanikimbilia, akanibana pua na mikono mitupu.

"Papa, inama mbele, usimeze."

"Toka, binti yangu, banakuangalia!"

Akakataa. Paluku alisimama kwenye mulango wa lupango, ua wa nyumba yetu, anaangalia ile mikono yenye damu, halafu akafuata mama yake.

Hospitalini balinipima, haikuwa Ebola. Munganga mwenyewe akapigia bakwe simu, bakasikiliza kwa heshima, bakasema batarudi. Mpaka leo sijabaona. Hata mbuzi habakuzirudia, nani ataongoza mbuzi mwenye damu yangu? Ziko hapa nyuma ya nyumba, zimeshazaa, na Kahindo anazikatia majani kila asubuhi.

Juzi jirani aliniona ninachechemea, akaniletea tena aspirine. Nikamwambia, "Hapana, mama, wasingya, asante. Ninameza dawa ya damu, acha nichechemee." Nilisema kwa sauti, mbele ya batu bote. Kahindo alikuwa palepale na majani yake, akanisikia, akaniangalia kidogo, halafu akaenda kwa mbuzi. Ni maneno mafupi, ningeyasema ile siku, leo angekuwa Mangina kwake.