Dafroza Aliposimamisha Mechi

Watu wa Shively, kitongoji cha Louisville huko Marekani, walimfahamu Dafroza kama mwanamke wa maneno machache. Alifunga ndoa na Dionizi katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, akamzalia binti, Florida, wakaletwa Louisville pamoja, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Ndiyo maana yale ya Buffalo yanasimuliwa mpaka leo.

Dionizi alikuwa kocha wa Umoja, timu ya Warundi wa Louisville. Timu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga: beki yuko zamu ghalani, mshambuliaji kalala kwa uchovu wa zamu, kipa Olivier anadaka na viatu vya kuazima. Ikifungwa, na mwaka ule wa 2015 ilifungwa karibu kila Jumamosi, lawama zote zilimwangukia kocha. Simu yake haikupoa. Huyu anamtukana kutoka mji wa Columbus, yule anamfundisha mpira, na mwenyekiti wa timu, Karekezi, anatuma ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Dionizi alizisikiliza zote. Usingizi ukamhama. Florida akimsemesha, alikuwa anaitikia asichokisikia. Asubuhi moja Dafroza alimkuta ameketi garini nje ya nyumba, sare ya kazi mwilini, injini inanguruma, hajui alikuwa anakwenda wapi.

"Iache hii timu, Baba Florida."

"Nikiiacha itakufa. Watasema mimi ndiye niliyeiua."

Basi wakaenda mji wa Buffalo kwenye mashindano ya kiangazi. Uwanja ulikuwa Tonawanda, pembeni mwa mji, nyuma ya viwanda, na kabla ya mapumziko Umoja walikuwa wamekwisha kula mabao manne. Dafroza alikaa kwenye majani na akina mama wenzake, ng'ambo ya benchi, macho yake kwa mumewe. Beki aliumia. Olivier akapiga kelele kutoka golini, "Kocha, nani anaingia?" Dionizi akafungua mdomo. Neno halikutoka. Alimtazama kipa wake kama mtu asiyemjua.

"Kocha kalala!" Karekezi akapaza sauti pale benchini, watazamaji wote wasikie. "Mwamsheni, jamani!"

Watu wakaangua kicheko.

Dafroza hakujua aliinuka saa ngapi. Alijikuta katikati ya uwanja, mpira ukimpita miguuni, refa akipuliza filimbi, naye anakwenda tu, mpaka akasimama uso kwa uso na mwenyekiti.

"Rudia ulivyosema."

"Shemeji, ni utani. Huu ni mpira tu."

"Kama ni mpira tu, mbona mnamtafuna mtu? Amewaendesha wachezaji wenu garini usiku kucha kuja hapa, hakufumba jicho. Wewe mazoezini umewahi kuonekana? Ujumbe wako mmoja umewahi kumuuliza ameamkaje?" Akawageukia waliokuwa wanacheka. "Tafuteni mwingine wa kumtukana! Huyu nimemchukua."

Akamshika Dionizi mkono, akamwingiza garini, akashika usukani mwenyewe hadi Westerville, karibu na Columbus, kwa binamu yake Yudita, aliyekuwa muuguzi. Dionizi alilala mpaka kesho yake mchana. Alipoamka akauliza, "Tumefungwa ngapi?"

"Sijui. Na usiniulize tena."

Yudita ndiye aliyewatafutia daktari, na daktari akasema kichwa nacho huchoka, tena uchovu wake hauponi kwa usiku mmoja.

Karekezi aliifundisha timu mwenyewe. Ikafungwa vilevile, wakamtukana vilevile, na kabla majani hayajapukutika akabisha hodi Shively, kofia mkononi.

"Shemeji, vijana wanamwulizia kocha wao."

"Umekuja kumwona mgonjwa, au kumchukua kocha?"

Karekezi akainamisha kichwa.

"Basi rudi siku utakayokuja kumwona mgonjwa," Dafroza akasema, akafunga mlango. Kisha akasimama pale pale, hasira haijamtoka, mpaka aliposikia gari la mwenyekiti likiondoka.