Upande wa Pili wa Kitabu

Nimechoka, lakini acha niandike hili kabla sijaanza kulipamba.

Nafundisha praimari ya pili, upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Busia. Mimi mwenyewe niliishia senia ya pili, mwaka wa pili wa sekondari. Nilichukuliwa kusaidia tu, kusaidia kukageuka kufundisha. Kwa hiyo dada mmoja wa chuo kikuu alipotoka Busitema na daftari lake, akasema anatafiti jinsi watoto wanavyojifunza kusoma, niliona amekuja kunihesabia makosa.

Niseme haki, hakuniingilia. Alimwita mtoto mmoja mmoja barazani, akamsikiliza akisoma, akaandika. Mimi sikuwahi kumsikiliza mtoto akiwa peke yake. Watoto ni wengi, vitabu ni vinne. Wanazunguka kitabu kwenye mkeka, wote wanasoma kwa sauti moja, nami nikisikia sauti imepanda naridhika.

Kuna msichana mmoja ambaye mama yake anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Asubuhi humsaidia kubeba mzigo, kwa hiyo huchelewa. Kwenye mkeka alisoma na wenzake. Ubaoni, kimya. Nikaandika kwamba ni mzito, nikampa hedimasta jina lake kati ya wale wa kurudia darasa.

Siku moja yule mtafiti akaniita barazani. Msichana alikuwa ameshika kitabu wima, anakitazama tu, hasomi. Kisha akakigeuza kichwa chini, akasoma ukurasa mzima, na ukurasa wenyewe hatujaufikia.

Nilimwambia aache mchezo. Hilo nalo niliandike.

“Mwalimu, huyu huwa anakaa wapi?” mtafiti aliuliza, taratibu.

Anayechelewa hukuta nafasi moja tu, ng’ambo ya kitabu, akitazamana na anayekishika. Mwaka mzima herufi amezijua zikiwa miguu juu. Mtafiti hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilikwenda kwa hedimasta kuomba jina litoke. Alicheka kwanza, akanitania kwa nilikotoka. “Nyinyi watu wa Tororo, hata karatasi mliyoandika wenyewe mnabishana nayo.” Kisha akasema, “Mtihani hautageuzwa kwa ajili yake, mwalimu. Akisoma kama wenzake kabla ya kufunga shule, nitalikata jina lake.” Sikuona kosa katika maneno yake.

Basi tukaanza. Kila ukurasa ukiisha, watoto wanahama nafasi moja kuzunguka mkeka. Wanalalamika, wanakanyagana, somo linakwenda polepole. Wakati wa mapumziko nawasikiliza watano, mmoja mmoja, kama alivyofanya yule dada, na uji wangu unapoa. Msichana alikuwa akiinamisha shingo mpaka sikio liguse bega. Sijui kama nilimfundisha au nilimchosha tu.

Jana hedimasta alikuja, akamwekea kitabu wima. Alisoma mistari mitatu, polepole, shingo imenyooka. Kwenye wa nne alikwama, akaurudia, akaupita. Hedimasta akatoa orodha mfukoni, akakata jina lake. “Sawa, aende praimari ya tatu.” Mama yake ameniletea omena kwenye karatasi, nikaona haya kuzipokea.

Ningefurahi. Lakini darasani kwangu wamo wanaorudia kutoka mwaka jana, niliowaandika kwa mkono huu huu. Leo nimejaribu kukumbuka kila mmoja alikaa upande gani wa kitabu. Sikumbuki hata mmoja. Kesho nitaanza kuwasikiliza wao.