Tundu Nililoliziba Kwenye Koti la Mzee

Mpaka leo nikiona sindano uso unaniwaka kwa haya. Tulipofungiwa ndani kwa ajili ya korona, nilikuwa namhudumia Mzee Walter, Mmarekani anayeishi mjini Penrith, ughaibuni. Kabatini nikakuta koti lake la bluu, limetoboka begani, lina doa la kahawia. Hasira zikanipanda: watoto wake wana magari ya kifahari, baba yao anavaa matambara! Kwetu Burundi hiyo ni aibu. Nikalisugua doa likaisha, tundu nikaliziba kwa uzi mzuri.

Jumapili akawapigia wajukuu simu ya video, koti mwilini.

"Babu wa baba yangu alilivaa hili akiwa askari wa miguu wa jeshi la Kaskazini, Marekani, wakipigana kukomesha utumwa. Risasi iliingia hapa, na doa ni damu yake."

Kidole kikapapasa bega, kikapapasa tena.

"Consolata, tundu liko wapi?"

Nami, mjinga, nilikuwa nimesimama nyuma yake nikingoja asante.