Mdomo wa Burdette Kessinger

Katika mji wa Sorrel Fork, Indiana, mtu aliyetaka habari zake zifike haraka hakuhangaika na tangazo gazetini. Alimwambia Burdette Kessinger, akamsihi asimwambie mtu. Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imefika mashamba ya mwisho ya mahindi ng'ambo ya reli, na mara nyingi ilifika imenenepa kidogo.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka sitini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliuza mbegu za mahindi na soya, shamba kwa shamba. Kazi hiyo ilimfundisha kwamba mkulima hanunui mbegu mpaka asikie kwanza nani anaumwa, nani ameuza trekta, na binti wa nani amerudi kwao na masanduku mangapi. Alipostaafu, mbegu ziliisha, habari zikabaki. Mkewe, Lavonne, alikuwa na desturi ya kumweleza mambo ya ukoo siku moja baada ya kuwaeleza wengine wote. "Nakuonea huruma, mume wangu," alisema. "Nikikuambia wewe kwanza utachoka kwa kuzunguka."

Kwa hiyo kikosi cha zimamoto kilipoweka kisanduku cha watoto ukutani, na Burdette akajitolea kukitunza, mkuu wa kikosi, Rochelle Grabill, alimtazama juu mpaka chini.

Kisanduku chenyewe kilikuwa mlango mdogo wa chuma nyuma ya kituo, upande usiotazamana na nyumba ya mtu. Ndani yake mlikuwa na kitanda kidogo chenye joto. Mzazi aliyeshindwa kabisa kumlea mtoto wake mchanga, asiyezidi siku thelathini, aliweza kumlaza pale, kuchukua bahasha ya maelezo, kufunga mlango na kwenda zake. Mlango ukifungwa haufunguki tena kwa nje, na baada ya dakika moja kengele inalia kwenye vifaa vidogo vya mwito viunoni mwa wazimamoto wote. Sheria ya jimbo inasema mzazi huyo haulizwi jina, hafuatwi, hatafutwi. Rochelle mwenyewe alipanda ngazi akaing'oa kamera ya upande ule.

"Burdette, unajua sheria hii inasema nini?"

"Naijua vizuri. Mama haulizwi."

"Na wewe je?"

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Wewe husemi."

"Rochelle, mwanangu, mimi ni mtu wa siri sana."

Rochelle, ambaye talaka yake Burdette aliitangaza kwenye foleni ya posta kabla hakimu hajaitia sahihi, alishusha pumzi. Lakini wazimamoto wote wa Sorrel Fork ni watu wa kujitolea, wana kazi zao za mchana, na Burdette peke yake ndiye alikuwa na muda. Akapewa funguo, na kifaa cha mwito cha kuvaa kiunoni.

Alikitunza kile kisanduku kama kuku atamiaye. Kila Ijumaa alilaza mle kilo tatu za viazi zilizofungwa kwenye blanketi, akafunga mlango na kusikiliza kengele ikilia, kisha akaenda kuwaeleza watu jinsi viazi vilivyopokelewa salama. Ikapita miaka miwili ya viazi.

Halafu ikaja Jumapili ya mwezi wa nane. Saa nne na nusu asubuhi mji mzima ulikuwa kanisani, barabara tupu. Burdette, aliyekuwa zamu, alikuwa anarudi kituoni na pikapu yake, ametoka kununua kahawa na donati kwenye kituo cha mafuta. Alipokaribia, gari moja likajitokeza kutoka nyuma ya kituo cha zimamoto na kuja upande wake.

Sasa, watu wa Sorrel Fork hawapishani barabarani kimyakimya. Dereva akikutana na dereva, ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hivyo tu. Anamnyanyulia jirani, anamnyanyulia mgeni, anamnyanyulia hata mtu ambaye wana kesi naye kuhusu mpaka wa shamba. Mkono hauombi ruhusa kwa kichwa. Kwa hiyo Burdette akanyanyua kidole.

Na yule mwanamke aliyekuwa anaendesha, kwa kuwa naye alizaliwa na kulelewa palepale, akanyanyua cha kwake.

Macho yao yakakutana. Vidole viwili vilisimama hewani kwa muda ambao ungetosha kumaliza sala fupi. Kisha gari likapita. Lilikuwa gari gani, la rangi gani, na aliyekuwemo alikuwa nani, Burdette alijua mpaka jina la bibi yake. Sisi hatutajua.

Ndipo kengele ikalia kiunoni mwake.

Alikuta mtoto wa kike, amefungwa kwenye taulo la bafuni, nywele zimechanwa kwa uangalifu upande mmoja kama anakwenda kupigwa picha. Burdette alimtoa, akamlaza kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe hakuwa na la kusema. Mtoto alimtazama kwa jicho moja, akapiga chafya, akalala. Gari la wagonjwa likafika kwa dakika nne, likamchukua akilia kwa nguvu, kumpeleka hospitali. Rochelle alifika na gauni la kanisani na buti za zimamoto.

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Ana mapafu ya dalali wa mnada."

"Vizuri. Na wewe hukuona kitu."

Burdette akajikuna shingoni. "Rochelle, nilikuwa natoka pale kwenye mafuta, nikanyanyua..."

"Hukuona kitu!" Rochelle akaziba masikio yake kwa viganja viwili, hadharani, mkuu mzima wa kikosi. "Mzee, ukiniambia mimi tutakuwa wawili. Nenda nyumbani."

Akaenda nyumbani, na njiani jambo lilimwingia sawasawa. Yule mwanamke naye alikuwa amemtambua. Alikuwa amefanya kila kitu kama alivyoahidiwa: alichagua saa ambayo hakuna mtu, akamlaza mtoto mahali pa joto, akachukua bahasha. Na katika watu elfu moja mia nne wa Sorrel Fork, aliyemwona ni mmoja tu, na mmoja huyo ni Burdette Kessinger. Heri angeonwa na mwandishi wa habari. Sasa yuko nyumbani, anahesabu saa mpaka mji wote ujue.

Alifikiria kwenda kumhakikishia. Akakumbuka kwamba pikapu yake ikisimama mbele ya nyumba yoyote, watu huuliza kuna nini. Alifikiria kuandika barua. Akakumbuka kwamba karani wa posta anaujua mwandiko wake, na kwamba aliyemfundisha yule karani kupenda mambo ya watu ni yeye.

"Ni nani?" Lavonne aliuliza hata kabla hajavua kofia.

"Sheria hairuhusu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

Lavonne alimwangalia, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa, kisha akaingia chumbani kumpigia simu dada yake. Burdette alimsikia akisema, "Kitu kikubwa kimetokea. Burdette hataki kusema."

Watu hupenda kudhani sheria inakaa mji mkuu, kwenye jumba lenye kuba, ambako watu wenye tai waliipigia kura na kupeana mikono. Haikai huko. Huko imeandikwa tu. Jumatatu asubuhi sheria ya Indiana ilikuwa imekaa kwenye meza ya duara karibu na dirisha, katika mkahawa wa Nadine, ndani ya mdomo wa muuza mbegu mstaafu. Mdomo ule ukiteleza mara moja, jimbo zima litakuwa limedanganya. Na mwaka ujao msichana mwingine, mwenye hofu ileile, atakumbuka yaliyompata mwenzake. Hatakuja kwenye kisanduku. Ataenda pengine, na mahali hapo wazimamoto wanapajua, kwa sababu ndio huitwa baadaye.

Burdette angeweza kubaki nyumbani. Lakini hakuwahi kukosa meza ile hata siku moja, isipokuwa alipotolewa kibofu cha nyongo, na asipoonekana leo watu wangesema anaficha jambo, wangeanza kulitafuta. Akaenda.

Mkahawa ulijaa pomoni. Meza yake ilikuwa na wenzake wawili wa siku zote: Dorsey Kunkel, mkulima wa soya, na Virgil Amstutz, kinyozi mstaafu. Walikuwa wamemwagizia kabisa kipande cha pai ya krimu ya sukari, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

"Kaa, ndugu yetu, kaa," Virgil akasema, akimvutia kiti. "Shujaa wetu huyu. Kula."

"Mna nini nyinyi?"

"Hatuna kitu. Tunakula pai na rafiki."

Burdette akaketi, na ndipo akamwona. Yule mwanamke alikuwa mle mkahawani. Mle ndani siku ile mlikuwa na wanawake kumi na mmoja, tukimhesabu Nadine na mpishi wake, na mmoja wao ndiye. Burdette hakumtazama tena. Alitazama pai kana kwamba ina maandishi.

"Haya," Dorsey akasema, akiinama. "Wewe ulifika wa kwanza."

"Nilifika wa kwanza."

"Na?"

"Na nikakuta mtoto. Kisanduku cha watoto, Dorsey. Ulitaka nikute ndama?"

"Hukukutana na mtu njiani?"

"Nilikutana na donati."

Virgil akacheka, lakini Dorsey hakucheka. Dorsey alikuwa na jina mfukoni na lilikuwa linamwasha. "Mimi najua," akasema, na sauti yake haikuwa ndogo kama alivyodhani. "Ni Delaney. Yule wa kituo cha mafuta. Joto lote hili anavaa sweta kubwa, na hivi majuzi wiki mbili nzima hakuja kazini. Nikosoe, Burdette. Sema siyo."

Vijiko vikapunguza kelele mezani kwa watu. Burdette alijua. Siyo Delaney. Delaney ndiye aliyemuuzia kahawa na donati Jumapili ile, dakika tano tu kabla. Lakini akisema siyo yeye, Dorsey atataja jina la pili, naye atasema siyo. Atataja la tatu, naye atasema siyo. Na siku atakayonyamaza, watakuwa wamempata. Akinyamaza sasa, Delaney atabeba taulo la mwenzake mpaka azeeke.

Mdomo wake ukafunguka wenyewe, kama kawaida yake. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwa ndani yake, ameshika usukani.

"Sweta," akasema kwa sauti kubwa. "Kumbe ni sweta! Dorsey, mkeo alivaa koti mazishini mwezi wa saba. Nililiona kwa macho yangu."

"Mke wangu ana miaka sabini na moja!"

"Ndiyo maana alificha tumbo. Na wewe Virgil, shangazi yako hajaonekana kanisani tangu Pasaka."

"Shangazi amevunjika nyonga, bwana."

"Ndivyo wanavyosema wote. Halafu Nadine, simama kidogo. Hiyo aproni umeanza kuvaa lini?"

"Tangu mwaka wa themanini na nane," Nadine akasema kutoka kaunta, "na nikija hapo nakupiga nayo."

"Unaona hasira hiyo? Na mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, amejificha pale makaburini miaka ishirini hatujui anafanya nini."

Mkahawa wote ulikuwa unacheka sasa. Burdette hakuacha. Alimpitia mke wa mchungaji, akaenda kwa mwalimu wa piano mwenye miaka tisini, akamtaja Rochelle na buti zake, akamtaja farasi jike wa Dorsey. Alitaja wanawake wa mji mzima kwa zamu, akahakikisha hakumruka hata mmoja mle ndani, na kila mmoja alimpa kosa lake: huyu kofia, huyu mwavuli, huyu kupenda sana kachumbari. Hakuna aliyebaki msafi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mchafu.

Pumzi ilipomwishia, akaweka uma chini na kumgeukia Dorsey. Sauti yake ikashuka, lakini mkahawa ulikuwa umeshazoea kumsikiliza.

"Leo mchana utakwenda kutia mafuta, Dorsey. Delaney atakuambia karibu, kama kila siku. Utamtazama usoni au utamtazama tumboni?"

Dorsey akawa mwekundu mpaka kwenye ukosi. "Nilikuwa nauliza tu."

"Sheria inasema asiulizwe. Sheria yenyewe ni fupi hivyo. Mtu alituletea mtoto mzima, amemchana nywele, na tulimwahidi jambo moja. Moja, jamani. Nami sikuona kitu."

"Wewe?" Virgil akasema. "Wewe hukuona kitu?"

"Mimi. Iandike kwenye kalenda."

Virgil akakoroga kahawa yake. Dorsey akasogeza pai kuelekea kwa Burdette, akaanza kuulizia bei ya soya. Watu wakarudi kwenye mayai yao.

Saa mbili na nusu wateja wakaanza kutoka. Mlango wa Nadine uko karibu na ile meza ya duara, na mtu hawezi kutoka bila kumpita Burdette. Wanawake walimpita mmojammoja, wakiwa na funguo mkononi, na mmoja wao alisimama kidogo nyuma ya kiti chake.

"Mzee, unasema sana," akamwambia.

"Nimezoea kuambiwa," Burdette akajibu, akiendelea kula.

Wanawake wanne walimwambia hivyo asubuhi ile, na wote wanne aliwajibu vilevile, bila kuinua kichwa.