Lupango Lililo Chini ya Maji

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa na kazi nyumbani, na haikuwa ya kuosha masufuria: nilibeba maneno kati ya baba na Nkambo. Nkambo, yaani bibi yetu mzaa mama, aliishi nasi pale Kolwezi, lakini yeye na baba hawakusemezana. Msidhani waligombana, hata! Ilikuwa heshima. Kwao Nkambo, na hata kwa baba aliyetoka Kasai, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, wala hawatajani majina. Basi mtoto anawekwa katikati.

"Kapinga, umuambie papa yako chumvi imeisha."

Baba amekaa hapo hapo, kila kitu amesikia, lakini anangoja nimfikie nimwambie ndipo aitikie. Watoto wa jirani walinicheka. Mimi niliringa, tena sana. Nani mwingine katika mtaa wetu alikuwa akitegemewa na watu wazima wawili kutwa nzima?

Baba alikuwa fundi wa umeme migodini, na kitu alichojivunia kuliko vyote ni bwawa la Nzilo, kule mto Lualaba ulikozuiwa ukawa ziwa. Kila taa ilipowaka nyumbani alisema, "Nzilo ile!" kama vile amelijenga yeye. Jumapili moja ya mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, aliazima kamionete, gari dogo la mizigo la rafiki yake, atupeleke tukalione. Mama alifunga bukari, yaani ugali, na samaki wakavu na kikanda, ule mkate wa viazi vya porini na karanga. Mdogo wangu Ilunga, wa miaka mitano, alilala na viatu miguuni asije akaachwa. Nkambo alipanda nyuma pamoja nami. Kwenye ncha ya kitenge chake alikuwa amefunga unga mweupe, wa kujaa kiganja tu.

Pale ukingoni kuna uwanja wa serikali. Kuna nyumba ya wageni ya zamani, vibaraza vya mawe, nyasi zinazofyekwa, na kibao cha shaba chenye majina ya mainjinia wa bwawa. Baba alitupanga mbele ya kibao akasoma jina moja moja. Alikuwa shemasi, sauti ya kanisani alikuwa nayo. Nkambo alisikiliza hadi mwisho, kisha akanivuta kando.

"Balisahau bengine," alisema.

Ndipo aliponiambia jambo ambalo hata mama alilijua nusunusu. Alizaliwa hapo. Si karibu na hapo, ni hapo hasa, chini ya yale maji. Alipokuwa binti wa rika langu waliambiwa wahame, na maji yakapanda polepole mpaka yakafunika nyumba, mashamba na makaburi. Hakunyoosha kidole, maana maji yenye wafu hayaonyeshwi kidole. Alichongoa midomo kuelekea majini, mbali kidogo na ukingo, ambako vichwa vitatu vyeusi vya miti vilichungulia juu ya maji, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimelipunguza ziwa.

"Unaona? Ile ni miti ya mubanga. Tata yangu njo aliisimika, mupaka ya lupango yetu. Mubanga haiozaka. Upande ya huku ni lupango, kuko juu. Upande ya kule ni shimo, bamama balikuwa banachimba pale udongo ya nyungu. Kule ni ndani sana."

Tata ni baba; na lupango, kwetu, ni kiwanja chako na nyumba yako na kila kilichomo. Niliangalia maji nikajaribu kuona nyumba. Sikuona kitu.

Kisha akanituma. "Umuambie papa yako, mbele ya kugusa mayi, tusalimie benyewe. Mugeni mwenye hasalimie, mayi inamushika."

Nilikimbia na neno. Baba hakukasirika, alicheka tu, na pengine ndiyo iliyouma zaidi. "Umuambie nkambo yako, mu mayi hakuna bantu. Kuko samaki, na kuko courant, umeme. Sisi ni bantu ba kanisa."

Nilirudisha jibu kama nilivyopewa. Nkambo alikaza tena fundo la unga, akakaa chini, uso umemshuka. Siku ile, kwa mara ya kwanza, kazi yangu ilinichukiza.

Baada ya kula, Ilunga alianza kulilia mtumbwi. Kulikuwa na mvuvi mmoja akishona nyavu, mtumbwi wake mmoja umefungwa kando. Alitaka kuwapeleka mwenyewe, baba akamwambia akae tu, yeye ataweza. Ataweza nini, jamani! Baba yangu, mtu wa nyaya na nguzo, hakuwa ameshika kasia tangu azaliwe, na kuogelea hakujua. Lakini alimpandisha Ilunga, wakaondoka, wakitupungia mikono.

Upepo ulitokea upande wa bwawa bila taarifa. Mtumbwi ukageuka kama mtoto aliyeitwa jina lake, ukaenda moja kwa moja kwenye ile miti mitatu, ukapanda juu ya mmoja uliofichwa na wimbi, ukakwama. Baba alisukuma kwa kasia, kasia likamponyoka. Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaanza kuingia, na Ilunga akapiga yowe ambalo bado nalisikia. Mvuvi alikimbia ukingoni kutafuta mtumbwi mwingine, hakuuona. Mama alikuwa anamwita Mungu.

Baba alisimama, amemkumbatia Ilunga. Nilimwona akitazama upande wa kule, kwa sababu kule maji yalikuwa meupe na matulivu, hakuna mti. Alikuwa anataka kurukia kule, kwenye shimo la udongo.

Nkambo alinishika bega. "Kapinga, umuambie papa yako..."

Nilifungua kinywa. Sauti haikutoka. Nikajaribu tena, kikatoka kitu kidogo na upepo ukakichukua. Kazi niliyoiringia miaka yote ikanishinda siku ile niliyohitajiwa. Nkambo alinitazama mara moja, hakunilaumu, akaingia majini mpaka magoti.

"Kazadi!"

Mama alijiziba mdomo. Katika maisha yetu yote hatukuwahi kulisikia jina la baba kinywani mwa Nkambo.

"Kazadi! Shuka upande ya huku! Usiogope, uko mu lupango ya tata yangu! Utasimama!"

Baba aligeuka, akamtazama usoni. Walitazamana hivyo, mkwe na mama mkwe, mchana kweupe mbele ya watu. Kisha akampandisha Ilunga mabegani, akashuka upande wa huku. Maji yakamfika kifuani, yakakoma hapo. Alisimama.

"Sasa kuya! Pita kwa jiko ya mama! Apana, si pale, pale kuko kisima! Shika njia ya kwa Kisimba!"

Na baba, aliyekuwa amesema mle hamna watu, akapita jikoni kwa mama yake Nkambo, akapita mlangoni kwa Kisimba, mguu kwa mguu, mpaka akatufikia. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama niliyomwonea yule mama mzee aliyesimama na kitenge chake kimelowa.

Ilunga alipokuwa mikononi mwa mama, Nkambo alijifunika uso akageuka, aibu imemrudia. Baba alijificha nyuma ya kamionete, anatiririka maji. Kisha akaniita.

"Umuambie nkambo yako..." Akajipangusa macho. "Umuulize majina yabo."

Ee, hapo ndipo kazi yangu iliponirudia! Nilikimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kila safari jina moja, ili nisichanganye. Kapanda, mwenye lupango. Kisimba. Mukalayi. Mama Ngoie wa vyungu. Baba alisimama ukingoni, kiganjani ule unga wa kusalimia niliompelekea kutoka kwa Nkambo, akayataja kwa ile ile sauti aliyosomea kibao. Sikukosea hata jina moja.

Jumamosi iliyofuata baba alinipa kuku mweupe nimpelekee Nkambo, kusafisha yale maneno waliyoambiana uso kwa uso. Aliyepeleka nani? Mimi. Na wakarudia kimya chao cha heshima mpaka Nkambo alipofariki.

Watu huniuliza kama kweli maji yalimshika baba. Yeye husema mtumbwi ulikwama kwenye mti, na ni kweli. Nilipomuuliza Nkambo alisema, "Balimushika, kisha balimupokea. Mugeni anapokelewaka vile." Mimi sibishani na yeyote kati yao. Najua tu kwamba aliyeyajua majina ndiye aliyejua pia kina cha maji, na kwamba mtoto wa nyumba yetu yuko hai kwa sababu hiyo.

Kiangazi kilichopita tuliwapeleka wanangu. Baba sasa ni mzee, anatembea kwa fimbo, na Ilunga ndiye aliyeendesha. Miti mitatu ilikuwa inaonekana. Binti yangu alinyoosha kidole, nikamshusha mkono. Baba alitoa unga kwenye mfuko wa koti, akaanza: Kapanda, Kisimba, Mukalayi, Mama Ngoie wa vyungu. Kisha akanitazama. Nikamsogelea haraka, nikidhani anataka kunituma kama zamani, maana jina lililobaki, la Nkambo, hakuwahi kulitamka tangu aoe. Siku zote alisema "mama ya bibi yangu" tu, yaani mama wa mkewe.

Akanisogeza pembeni kwa fimbo, polepole.

"Numbi," aliita juu ya maji. "Ni mi, Kazadi. Nimeleta bajukulu."