Wastani wa Mabao Niliyofungwa

Nikiwa darasa la nane hapa Malaba, mwalimu wa hesabu aliandika ubaoni mabao niliyofungwa katika mechi tano: sifuri, moja, moja, mbili, kumi na moja. Wastani ukawa tatu.

"Mwalimu, huyu kipa ni mlango wazi! Atolewe," nahodha wetu akasema.

"Namba ya katikati ni moja," mwalimu akamjibu. "Hayo kumi na moja ni ya siku mliyovuka mpaka kwenda Uganda kwa miguu, bila kula. Kipa, namba yako ni ipi?"

Nilitaka kusema moja. Lakini goli la kule halikuwa na wavu, na kwa kila bao niliufuata mpira mwenyewe kwenye shamba la mihogo nyuma yake, mara kumi na moja.

"Tatu, mwalimu."

Mechi ya Jumamosi alidaka kipa mwingine. Nilikaa pembeni, bado nimechoka tangu siku ile ya Uganda.